Kalenda Iliyosahauliwa Ndani ya Gari la Kifahari

Kila mwaka, joto linapoanza kupanda mjini Maskati, familia nyingi hupakia watoto, chupa za chai na vikapu vya chakula, zikaelekea Nizwa na kuupanda Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, ambako hewa ni ya baridi na mawaridi huchanua. Miongoni mwao wamo watu wengi wenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa, ambao Kiswahili kingali lugha yao ya nyumbani. Chini ya mlima, karibu na Birkat al Mouz, kuna kituo cha polisi. Hapo askari hukagua kama gari lina nguvu katika magurudumu yote manne. Lisilo nayo hurudishwa. Lililo nayo huruhusiwa kupita, na mwenye gari huendelea na safari akiamini kuwa chombo chake kimethibitishwa kuwa salama.

Lakini askari yule amekagua jambo moja tu: uwezo wa gari kupanda. Hakukagua uwezo wake wa kushuka.

Kutoka juu ya mlima ule hadi bondeni, gari huteremka zaidi ya mita 1,000. Dereva asiyezoea milima huiacha gia ya juu, akakanyaga breki kila kona. Diski hupata moto mkali, na moto huo husafiri hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia moja ambayo wengi hawaijui: hufyonza unyevu kutoka hewani, mwaka baada ya mwaka, hata kama gari halitembei. Kwa kipimo cha kimataifa cha mafuta ya aina ya DOT 4, mafuta mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kufikia takriban asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Dereva hukanyaga pedali, nayo ikazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Ajali ya namna hiyo huandikwa kuwa ni ya mlima, au ya mwendo kasi, au ya bahati mbaya. Mara nyingine chanzo chake ni tarehe iliyopita bila kutazamwa. Watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na wengine kila baada ya miaka 3, bila kujali gari limetembea kilomita ngapi. Agizo hilo limeandikwa katika kitabu kinacholala ndani ya dashibodi, upande wa abiria, ambacho wengi hukifungua siku wanapotafuta namna ya kurekebisha saa.

Makala haya yanakihusu kitabu hicho, na hasa kitabu cha aina moja ya magari ambayo Waswahili walioko ughaibuni wameyapenda sana: magari ya kifahari ya juu, yenye umbo la wastani. Aina hii ilipata nguvu baada ya BMW kuzindua X3 mwaka 2003. Mwaka 2008 zikafuata Audi Q5, Volvo XC60 na Mercedes GLK, ambayo baadaye, mwaka 2015, ilirithiwa na GLC. Lexus ilileta NX mwaka 2014. Ni magari yaliyokaa kati ya mawili: si makubwa ya kumtisha dereva katika barabara nyembamba za London, wala si madogo ya kuwabana watoto watatu na mizigo ya safari. Yakiwa mapya ni ya wenye nafasi. Yakifikisha miaka 5 au 6, bei yake huanguka kiasi cha kuweza kununuliwa na muuguzi, mwalimu au dereva wa teksi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Bei ya gari huanguka, lakini bei ya vipuri vyake haianguki nalo. Anayenunua gari lililokuwa la tajiri kwa bei ya gari la kawaida hubaki na gharama za matengenezo za tajiri yule yule. Kinga pekee aliyonayo ni ratiba ya matengenezo.

Ratiba hizo ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kudumu, na mfano wake mzuri ni Lexus. Nchini Marekani, gari kama NX hupangiwa kufika gereji kila maili 5,000 au miezi 6, hasa kwa ukaguzi na kuhamisha matairi kutoka mbele kwenda nyuma, ili yalike sawasawa. Oili ya injini hubadilishwa kila maili 10,000 au miezi 12, iwapo ni oili ya sintetiki iliyoagizwa. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, hukaa hadi maili 100,000 au miaka 10, na baada ya hapo hubadilishwa kila maili 50,000 au miaka 5. Kote humo hutumika kanuni moja: umbali au muda, lolote litakalotangulia. Mtu anayeliegesha gari lake miezi 10 kwa mwaka kwa sababu yuko kazini Dubai hawezi kusema kwamba gari halijatembea, basi halina deni. Muda nao ni safari.

Aina ya pili ni ratiba inayokokotolewa na kompyuta ya gari lenyewe. BMW wamekuwa wakitumia mfumo huo kwa miaka mingi, na Mercedes wanao wa kwao, unaopishanisha huduma inayoitwa A na nyingine inayoitwa B. Kompyuta huzingatia umbali, muda na namna gari linavyoendeshwa, kisha humwambia dereva kwamba zimebaki kilomita kadhaa kabla ya kubadilisha oili. Katika bara la Ulaya, kipindi hicho huweza kufika miaka 2. Mfumo huu una manufaa yake, kwani humtofautisha anayekwenda taratibu katika barabara kuu na anayehangaika katika foleni. Hata hivyo, kompyuta haioni kila kitu. Haijui kama fundi wa mwisho alitia oili ya kiwango kilichoagizwa au alitia iliyokuwapo dukani. Tena fundi anaweza kuifuta hesabu hiyo kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu, asiguse hata tone la oili. Dashibodi itasema gari ni zima, ilhali injini inaogelea katika tope.

Ndani ya kitabu kuna ukurasa mwingine ambao husomwa na wachache zaidi. Ni ukurasa wa mazingira magumu. Hapo mtengenezaji hueleza kwamba vipindi vya kawaida havimhusu kila mtu. Kwa Lexus na Toyota nchini Marekani, anayepita katika barabara za vumbi, anayevuta mzigo mzito, au anayefanya safari fupi fupi katika baridi kali, hutakiwa kubadilisha oili kila maili 5,000 au miezi 6. Hiyo ni nusu kamili ya kipindi cha kawaida.

Msikilizaji aliyeko Doha au Salalah anaposoma maneno hayo hudhani wanasemwa wakulima wa mashambani. La hasha, ndiye anayesemwa yeye. Anapolisubiri gari la watoto nje ya shule saa 7 mchana, injini ikiunguruma ili kipoza hewa kifanye kazi, mita ya kilomita haisogei, lakini injini inafanya kazi na oili inachoka. Mchanga mwembamba wa jangwani huziba chujio la hewa kabla ya siku zake. Aliyeko Minneapolis au Leicester naye hujiona yuko salama kwa kuwa kwake hakuna vumbi. Lakini kama kila asubuhi anaendesha kilomita 3 kwenda kazini wakati wa baridi kisha anazima, injini yake haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli inayopenya ndani ya oili. Oili hiyo huharibika hata kama gari halijatoka nje ya mtaa.

Injini nyingi za magari haya zina turbo, chombo kinachozunguka kwa kasi kubwa mno na kutegemea utando mwembamba wa oili kati ya vyuma. Oili chafu huziba njia zake ndogo. Turbo ikifa, gharama yake huweza kuzidi gharama ya kubadilisha oili kwa miaka kadhaa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa turbo ukuta huo hujengwa kwa fedha za kigeni.

Suala la aina ya oili nalo halitaki mzaha. Maneno oili nzuri hayana maana katika magari haya. Kila mtengenezaji ana orodha ya viwango alivyovithibitisha, na namba za viwango hivyo huandikwa nyuma ya chupa. Gari lililoagizwa oili nyepesi ya 0W-20 halifaidiki kwa kutiwa oili nzito kwa sababu tu fundi anaamini kwamba nchi ya joto inataka oili nzito. Kinachoamua ni kitabu cha gari kwa soko la nchi husika, kwani baadhi ya vitabu huruhusu viwango zaidi ya kimoja kulingana na joto la mahali.

Sasa lipo neno moja ambalo limewaponza wamiliki wengi: neno maisha. Katika baadhi ya vitabu, oili ya giaboksi ya otomatiki huelezwa kuwa ni ya maisha, yaani haihitaji kubadilishwa. Swali la kuuliza ni maisha ya nani. Kampuni ya Kijerumani ya ZF, ambayo giaboksi zake za gia 8 zimefungwa katika magari ya BMW, Audi na mengineyo, hushauri oili hiyo ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, kulingana na uendeshaji. Aliyetengeneza giaboksi ndiye anayesema hivyo. Mnunuzi wa kwanza, anayeliuza gari likiwa na kilomita 60,000, hana haja ya kujua. Mnunuzi wa pili na wa tatu ndio watakaokutana na maisha hayo yakifika ukingoni.

Hali kadhalika mfumo wa magurudumu manne. Baadhi ya magari haya, kama Volvo XC60 ya kwanza, hutumia kiunganishi cha Haldex kinachopeleka nguvu nyuma pale inapohitajika, nacho kina oili yake. Oili hiyo ikipuuzwa, siku moja gari la magurudumu manne hugeuka kuwa la mawili bila mwenyewe kutambua, hadi siku ya theluji au ya matope. Matairi pia yana sheria yake. Mtu akibadilisha tairi moja tu lililotoboka na kuweka jipya kando ya matatu yaliyolika, magurudumu hayazunguki kwa kadiri moja, na mfumo mzima hufanya kazi pasipo kupumzika kana kwamba gari linateleza. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza matairi manne ya aina moja na yenye kina cha karibu sawa. Ni gharama chungu, lakini ni ndogo kuliko ya kubadilisha gia za kati.

Mkanda wa taimingi nao una tarehe yake. Baadhi ya injini hutumia mnyororo, nyingine mkanda wa mpira. Mkanda wa mpira huzeeka kwa kilomita na kwa miaka. Ukikatika katika injini nyingi za kisasa, pistoni hugongana na valvu, na injini nzima huharibika kwa sekunde moja. Anayenunua gari lililotumika anapaswa kujua kwanza kama injini yake ina mnyororo au mkanda, na kama ni mkanda, ulibadilishwa lini. Jibu la sijui maana yake ni ubadilishwe sasa.

Wenye injini za dizeli wana jambo jingine, nalo ni chujio la masizi lililofungwa katika njia ya moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi pale gari linapokwenda mwendo mrefu na moshi ukapata moto. Gari la dizeli linalotumika kupeleka watoto shule tu halipati nafasi hiyo, na hatimaye chujio huziba. Gari hilo likipelekwa nyumbani hukutana na suala la mafuta yenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia Januari 2015, wakati Ulaya kiwango ni sehemu 10. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini anayenunua dizeli ya madumu pembeni mwa barabara hana hakika ya kilichomo.

Na hapo ndipo habari hii inapogusa nyumbani. Magari mengi yaliyoko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura yalianza maisha yake Japani au Uingereza. Nchini Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo ni moja ya sababu zinazowafanya Wajapani kuyauza magari yakiwa bado na nguvu. Toyota Harrier, iliyotoka Japani mwaka 1997 na kujulikana ng'ambo kama Lexus RX, imekuwa gari la heshima katika miji hiyo. Lakini kitabu chake cha matengenezo huja kwa Kijapani, na mara nyingi hutupwa.

Kukitupa ni kosa. Mara nyingi, karibu na mlango wa dereva au chini ya boneti, fundi wa Kijapani hubandika karatasi yenye tarehe ya kubadilisha oili na kilomita za siku ile. Tarehe huweza kuandikwa kwa mwaka wa enzi ya mfalme: mwaka wa 30 wa Heisei ni 2018, na mwaka wa kwanza wa Reiwa ulianza Mei 2019. Kama karatasi inasema gari lilikuwa na kilomita 110,000 mwaka 2018, na mita ya leo inasoma 78,000, mnunuzi amekwisha kupata jibu kabla ya kumwita fundi.

Kwa upande wa Uingereza, gari hufanyiwa ukaguzi wa MOT linapofikisha miaka 3, na baadaye kila mwaka. Kumbukumbu za ukaguzi huo, pamoja na kilomita au maili zilizosomwa, zinapatikana bure katika mtandao wa serikali kwa kutumia namba ya gari. Hata hivyo, MOT si sevisi. Hupima kama gari linafaa kuwa barabarani siku ile. Halifunguliwi kutazamwa oili wala umri wa mafuta ya breki. Tena, magari mengi ya kifahari ya miaka ya karibuni hayana tena kitabu cha kugongwa mihuri, kwani kumbukumbu huwekwa katika kompyuta za mtengenezaji. Anayekusudia kumtumia gari ndugu yake huko nyumbani ni vyema aombe zichapishwe kabla gari halijapanda meli. Hali hiyo ina uzito zaidi Kenya, ambako magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa. Gari la miaka 7 lililopangiwa matengenezo makubwa mwaka wa 8 hufika Kilindini likiwa na deni lisiloonekana.

Wapo wanaozikimbia ratiba kwa kuogopa bei za mawakala. Wamezoea kuambiwa kwamba gari likihudumiwa kwingine, dhamana yake hufa. Sheria haisemi hivyo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za mwaka 2002 na 2010 zilifungua njia kwa gereji za kujitegemea, na Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja huo, iliweka agizo lake mwaka 2023. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia wakala wake. Kinachotakiwa ni kazi kufanywa kwa wakati, kwa viwango vilivyoagizwa, na risiti kutunzwa. Katika Ghuba masharti hutofautiana, na mwenye gari inampasa kuusoma mkataba wake kabla ya kuamua.

Kwa muhtasari, mwenye gari anaweza kuiandika kalenda yake katika karatasi moja. Kila mwezi, apime oili na upepo wa matairi gari likiwa limepoa. Kila miezi 6, atazame pedi za breki, waipa, chujio la hewa na kiwango cha kulanti. Kila mwaka, au mapema zaidi katika mazingira magumu, abadilishe oili ya injini na chujio lake. Kila miaka 2, mafuta ya breki, isipokuwa kitabu chake kinasema vingine. Oili ya giaboksi, mkanda na plagi, aziandikie kilomita kutoka katika kitabu chenyewe, wala si kutoka katika mazungumzo ya kijiweni. Kando ya kila mstari aandike tarehe ya kazi, kilomita, na jina la oili iliyotumika. Karatasi hiyo haina thamani kwa mtazamaji wa nje, lakini siku ya kuliuza gari itatetea bei yake vizuri kuliko rangi inayong'aa.

Nayo familia iliyoko juu ya Jabal Akhdar, jioni inapokaribia na watoto wamechoka, itateremka kwa njia ile ile. Dereva ataweka gia ya chini ili injini isaidie kulizuia gari, na atazipumzisha breki katika maegesho ya njiani zikianza kunuka. Lakini jambo lililo kubwa zaidi lilikwisha kuamuliwa Maskati, miezi au miaka iliyopita, siku alipoambiwa na fundi kwamba mafuta ya breki yamefikisha muda. Kama alijibu kwamba yabadilishwe, watafika nyumbani bila hata kujua kwamba palikuwa na hatari.